Siku nane bila barua: niliyojifunza kwa Gaspara Stampa

Ukiona mapenzi yako yameanza kufifia, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uhesabu siku. Usijiambie kuwa mwenzako amenyamaza muda mrefu. Andika ni siku ngapi hasa. Nilifundishwa hivyo na Gaspara Stampa, mshairi wa Kiitalia aliyefariki Venice mwaka 1554, na laiti ningalimsoma mapema ningalijiepusha na miezi mingi ya kujidanganya.

Alizaliwa Padua, mji mwingine wa Italia, karibu mwaka 1523, baba yake akiwa mfanyabiashara wa vito. Baba alipofariki, mama yao aliwahamishia watoto Venice na kuwapa elimu nzuri, na nyumba yao ikawa baraza la washairi na wanamuziki. Gaspara aliimba huku akipiga ala ya nyuzi iliyo ya jamii moja na udi wetu wa taarabu, na nadhani ndiyo maana mishororo yake, hata ile ya kilio, ina mapigo ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

Karibu na Krismasi ya mwaka 1548 alimpenda Collaltino di Collalto, kijana wa ukoo wa makabaila ambao ardhi yao ilikuwa kando ya mto Piave. Alijipa jina la kishairi, Anassilla, kutokana na jina la Kilatini la mto huo, kana kwamba ametaka hata jina lake litiririke kuelekea kwa mpenzi wake. Penzi hilo lilidumu takriban miaka mitatu. Collaltino alikwenda Ufaransa kupigana upande wa mfalme Henri wa Pili, akaahidi kuandika, na barua hazikuja.

Hapo ndipo ilipo soneti iliyonishika. Soneti ya Kiitalia ina mishororo 14 yenye mizani 11, na aliyezoea vina vyetu hatapata shida kuisikia. Katika soneti hiyo Stampa anamtaka Collaltino amrudishie moyo wake, akimwita dhalimu anayeurarua kama simba na chui milia wanavyomrarua paa. Kisha analeta hesabu: zimepita siku nane, ambazo kwake ni mwaka, bila barua wala ujumbe, kinyume cha ahadi aliyopewa. Anamuuliza kama anamdhania yeye kuwa Herkule au Samsoni hata aweze kubeba maumivu makubwa namna hiyo.

Niliisoma maktabani, mchumba wangu akiwa ng'ambo kikazi kwa mwaka wa pili. Simu za kila usiku zilikuwa zimekuwa za Ijumaa, kisha zikawa ujumbe wa neno moja, "sawa". Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba ana kazi nyingi. Jioni ile nilifungua simu nikahesabu tangu aliponiandikia kwa hiari yake mwenyewe, nikapata siku 19. Nilianza kuandika tarehe na idadi katika daftari la shule lenye jalada la bluu, na baada ya miezi mitatu safu ile ya tarakimu ilikuwa imeniambia jambo ambalo moyo ulikuwa ukikataa kulisikia.

Jambo la pili ni kusema na mhusika mwenyewe. Katika mashairi ya Petrarca, mshairi wa Kiitalia wa karne ya 14, ambayo Stampa aliyafuata kwa makini, mwanamume ndiye anayelia na mwanamke ndiye anayenyamaza. Stampa alishika nafasi ya msemaji, akamweleza kabaila aliyemzidi cheo kwamba amevunja ahadi. Nami niliandika ujumbe mfupi wenye idadi ya siku na swali moja, nikautuma bila kuomba radhi kwa kuuliza.

Usione aibu pia moyo ukiamka tena. Stampa alimpenda baadaye mtu mwingine, Bartolomeo Zen, na aliandika waziwazi kwamba moto wa kwanza haujazimika vizuri ukawashwa wa pili. Kwingine anajifananisha na salamanda, kiumbe aliyeaminika kuishi ndani ya moto bila kuungua. Wasomi wametumia wino mwingi kubishana kama alikuwa kahaba wa hadhi, na mimi naona mjadala huo umemdhulumu, kwa sababu umewafanya watu waulize alilala na nani kabla ya kuuliza alivyoipanga mishororo yake.

Mwisho, mpe mtu unayemwamini maandishi yako ayatunze. Wakati wa uhai wake Stampa alichapishiwa soneti tatu tu. Dada yake, Cassandra, ndiye aliyekusanya mashairi zaidi ya 300 na kuyatoa mwaka uleule wa kifo cha Gaspara. Daftari langu la bluu liko kabatini kwa dada yangu mkubwa. Idadi ya mwisho iliyomo ni 6, siku alizochukua mchumba wangu kujibu lile swali, na chini yake nimenakili jibu lake lote bila kupunguza neno.