Kemshafti ya barabarani na ya resi: maswali yenu

Nafunga upya injini ya Chevrolet 350 kwenye gari ninaloendea kazini hapa Houston. Mara moja moja nalipeleka kwenye resi za robo maili. Wenzangu wanasema nichukue kemshafti kubwa kabisa. Nikubali?

Usikubali, ndugu yangu. Kemshafti ni ule mhimili wenye nundu zinazofungua valvu; ikiwa kubwa, valvu zinakaa wazi muda mrefu zaidi. Hiyo huihamisha nguvu kuipeleka kwenye mizunguko ya juu, na kwenye mizunguko ya chini unabaki mkavu. Valvu ya hewa inapochelewa kufunga na injini inazunguka polepole, pistoni inayopanda inarudisha sehemu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa. Mizunguko ikipanda sana, hewa inaingia kwa kasi kubwa na inaendelea kujaza silinda hata pistoni ikishaanza kupanda. Hapo ndipo utamu ulipo. Sasa tazama mshale wako wa mizunguko kati ya nyumbani na kazini: unakaa 2,000 hadi 3,000 kwa dakika karibu safari nzima.

Kwa injini hiyo ya lita 5.7, kompresheni ikiwa 9.5 kwa 1, mimi ningechukua ya nyuzi 218 hadi 228 (nyuzi za mzunguko wa krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ambazo valvu inakaa wazi), zikipimwa tapeti, kile kipande kinachosukumwa na nundu, ikiwa imeinuka inchi 0.050, na pembe ya 110 au 112 kati ya nundu ya hewa na ya moshi. Shikilia kipimo hicho cha 0.050. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi huanza kuhesabiwa mapema zaidi, na kila kiwanda kina mahali pake pa kuanzia, kwa hiyo 280 ya huyu si 280 ya yule.

Nimeshafunga ya nyuzi 242. Mlio ni mtamu, lakini pedali ya breki imekuwa ngumu, na nikisimama kwenye taa gari linang'ang'ania kwenda. Ni otomatiki.

Mlio huo na ugumu wa breki vina chanzo kimoja. Valvu ya hewa na ya moshi zinakaa wazi pamoja muda mrefu, moshi unarudi kwenye manifoldi, na ule uvutaji wa hewa unaosaidia servo ya breki, kifaa kinacholainisha pedali, unapotea. Injini ya kawaida ikiunguruma bila mzigo huvuta inchi 17 hadi 21 za zebaki. Funga geji uone yako. Ikiwa chini ya 12, usiliendeshe mjini kabla ya kuweka pampu ya umeme ya kuvutia hewa. Kung'ang'ania ni kwa sababu umelazimika kupandisha mizunguko ili injini isizime, na toki konveta ya kiwandani, ile inayounganisha injini na giaboksi ya otomatiki, inashika mapema. Ukitaka kubaki na kemshafti hiyo, tafuta konveta inayoanza kushika kwenye 3,000 hivi, na difu yenye uwiano wa 4.10 kwa 1. Ningekuwa mimi, ningerudi kwenye ndogo.

Muuzaji anasema valvu hazitagonga pistoni. Nimwamini?

Pima mwenyewe. Chukua udongo laini wa kuchezea watoto, ubandike juu ya pistoni kwenye vikato vya valvu, upake oili kidogo. Rudisha hedi na gasketi, weka tapeti ngumu kwa muda, maana za haidroliki zinabonyea na kukudanganya. Zungusha krenki kwa mkono mara mbili kamili. Ikikwama, acha hapo hapo. Kisha fungua, kata udongo kwa wembe, upime unene wake palipobonyea zaidi: usipungue inchi 0.080 upande wa hewa, 0.100 upande wa moshi. Moshi unataka nafasi zaidi kwa kuwa pistoni inapanda ikiifukuza valvu, na springi ikichoka valvu inachelewa kurudi. Injini moja niliyoifunga, muuzaji alinihakikishia hivyo hivyo. Udongo ulibaki mwembamba kama karatasi.

Springi za valvu za zamani zinafaa?

Hapana. Nunua zinazolingana na kemshafti.

Tapeti zangu ni bapa, si za roli. Siku ya kwanza kuwasha nifanye nini?

Nundu zipakwe grisi yake maalumu, oili iwe na zinki ya kutosha. Ikiwaka tu, pandisha moja kwa moja hadi 2,000 au 2,500 na uibadilishebadilishe humo kwa dakika 20. Usiiache ishuke, kwa sababu nundu zinategemea oili inayorushwa na krenki.