Mvua ya Nuhu Tukuyu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha shule ya Jumapili hapa Tukuyu, darasa la watoto wa miaka minne hadi sita. Tulipofika habari ya Nuhu niliwapa picha ya safina wapake rangi, twiga ametoa shingo dirishani, wakafurahi sana. Mmoja akauliza: “Watoto ambao hawakuingia walienda wapi?” Mwenzangu akamjibu kwamba walikuwa na tabia mbaya. Wiki hiyo mvua ikapiga usiku kucha, mtoto akagoma kulala, anamuuliza mama yake kama na wao wataachwa nje. Mwenzangu akaenda kumtuliza: Mungu ameahidi hakuna gharika tena, safari ijayo ni moto! Je, niiruke habari hii mpaka wakue? – Mama Atu, Tukuyu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na kamwene kutoka Iringa. Huyo wa “safari ijayo ni moto” amenichekesha, kisha nikamhurumia mtoto. Hakuyabuni, yapo katika Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 3; ila Petro hakuwa akibembeleza watoto walale.

Usiiruke. Nyimbo za safina wanazo tayari, wataisikia tu, na huenda kwa mtu asiyejali wakiogopa. Huyo aliyeuliza ndiye aliyekusikiliza.

Kinachonikera ni lile jibu la tabia mbaya. Mwanzo sura ya 6 inasema dunia ilijaa dhuluma, na kwamba Mungu alihuzunika moyoni. Juu ya mtoto fulani wa miaka mitano aliyebaki nje, haisemi neno. Mwenzako kajaza pengo kwa kichwa chake, na mtoto kaondoka na fundisho kamili: maji huwafuata wenye makosa. Sasa masika mto Kiwira au Mbaka ufurike, nyumba za Kyela ziingie maji. Darasani kwako hakosekani mwenye shangazi Kyela. Atamwonaje shangazi yake? Na si watoto tu. Nawasikia watu wazima misibani wakitafuta marehemu alikosea wapi.

Kupunguza unaruhusiwa. Siku 150 za maji kutanda, Nuhu kulewa divai katika sura ya 9, weka kando, watayakuta wenyewe wakijua kusoma. Sababu ambayo Biblia haikuitoa ndiyo usiiongeze. Akiuliza tena, mjibu kwamba walikufa, na Mungu alihuzunika. Akiuliza kwa nini hakuwaingiza na wao, sema hujui, na kwamba hata mchungaji hajui. Watoto hulipokea neno hilo vizuri kuliko sisi. Watakaokuja kulalamika ni wazazi. Hao wape chai, wakae, waulizwe wao wangejibuje.

Hofu ya mvua ni jambo jingine. Tukuyu kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 2,000, mtoto hawezi kukulia hapo akitetemeka kila bati likipigwa. Walimu wengi hukimbilia upinde wa mvua, kwa kuwa una rangi za kupaka. Mimi ningesimama kabla yake, sura ya 8 mstari wa 22, ambapo Mungu anaahidi kupanda na kuvuna hakutakoma muda wote nchi idumupo. Hilo mtoto wa Rungwe analielewa kwa tumbo lake. Mvua hiyo hiyo ndiyo ndizi, ndiyo chai, ndiyo maparachichi yanayomlipia ada kaka yake. Waulize kwao wamepanda nini, wachore mgomba. Twiga mpumzishe, huko kwenu hana hata pa kuchungia.

Usiku mama yake asimhubirie. Amlaze karibu, na mchana wakazibue mfereji pamoja ili aone maji yanapita wapi.

Mwenzako usimfukuze, walimu wa kujitolea ni wachache. Mpe Zakayo Jumapili ijayo. Mle hafi mtu.