Maswali na Majibu: Tope kwenye kanvasi na uvumi kuhusu Monet

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji wa kujifundisha mwenyewe, niko Tanga. Huu ni mwezi wa nne najaribu kuchora bahari alfajiri kwa rangi za mafuta, kwa mtindo wa Claude Monet, yule mchoraji Mfaransa. Nafika ufukweni saa kumi na moja na nusu, nafanya haraka haraka, na saa moja nimeshamaliza, kwa sababu nimesoma kwamba yeye alimaliza picha papo hapo. Shida ni kwamba rangi zangu zinageuka tope, na jua haliwaki hata nikiongeza nyeupe. Mwenzangu ananishauri nitupe rangi nyeusi, tena nivue miwani ninapochora, eti Monet alikuwa na mtoto wa jicho na ndiyo maana picha zake zina ukungu. Kuna mtu pia anauza chupa ya “mchanganyiko wa Monet” pamoja na rangi za unga kama alizotumia yeye. Ninunue?

Jibu: Marahaba. Usinunue. Nitakuambia kwa nini, ila kwanza tumalize tope.

Unapaka rangi ya chungwa juu ya bluu ambayo bado ni mbichi. Brashi inazivuruga, na chungwa na bluu zikivurugana huzaa kahawia. Hapo hakuna siri wala laana. Wanafunzi wananiletea kanvasi kama hiyo mwaka mzima, na kila nikiuliza, jibu ni lile lile: “Nilikuwa nafanya haraka kama Monet.” Neno hilo linanichosha kuliko yote katika kazi hii.

Monet alikuwa na mkono mwepesi, sibishi. Lakini aliiacha picha ikauke, akairudia, akaiacha tena. Zitazame kazi zake za miaka ya 1880 na 1890 kwa karibu. Chini kuna tabaka nene lenye matuta na mifereji ya brashi, ambalo halina uhusiano na umbo la kitu kilichochorwa. Tabaka hilo lilikauka kwanza. Kisha akapitisha brashi yenye rangi nzito, isiyo na mafuta mengi, juu juu tu, rangi ikashika vilele vya matuta na mabonde yakabaki na rangi ya chini. Kwa hiyo chungwa na bluu zinakaa jirani bila kuvurugana, na jicho lako ndilo linalozichanganya ukiwa umesimama mbali. Ukilazimisha jambo hilo katika kikao kimoja cha saa moja na nusu, utapata hicho ulichopata.

Haraka yake ilikuwa ya namna nyingine. Mchoraji Mmarekani Lilla Cabot Perry, aliyekuwa jirani yake katika kijiji cha Giverny, Ufaransa, alisimulia kwamba katika picha mojawapo ya miti ya mipopla ya 1891, mwanga alioutaka ulidumu dakika 7 tu. Dakika hizo zikiisha, Monet aliiweka kando kanvasi hiyo na kuchukua nyingine iliyolingana na mwanga uliofuata. Kesho yake, hali ya hewa ikiruhusu, aliirudia ile ya kwanza kwa dakika zile zile. Maana yake kanvasi moja ililiwa kidogo kidogo kwa siku nyingi. Mipopla yenyewe ilikuwa imekwisha pangiwa kukatwa, na ikambidi ashirikiane na mfanyabiashara wa mbao kuinunua ili iachwe isimame mpaka amalize. Mtu anayemaliza papo hapo hana sababu ya kununua miti.

Au chukua picha zake za kanisa kuu la mji wa Rouen. Alikwenda huko mwanzoni mwa 1892, akarudi mwanzoni mwa 1893, akachora akiwa kwenye vyumba vinavyotazamana na kanisa, kanvasi baada ya kanvasi. Akaota usiku kwamba kanisa linamwangukia, lina rangi ya bluu, ya waridi, ya njano. Kisha akazibeba zote nyumbani Giverny na kuendelea kuzishughulikia studioni mwaka 1894, na ndiyo tarehe aliyoiandika kwenye nyingi kati yake. Picha 20 zilionyeshwa Paris 1895. Za London, alizozianza kati ya 1899 na 1901, umma uliziona 1904.

Uvumi huu wa kumaliza papo hapo ameuchangia mwenyewe. Mwaka 1880, akiwa Vétheuil, alimwambia mwandishi wa habari kwamba hana studio, akamwonyesha mto Seine na vilima vyake kuwa ndiyo studio yake. Maneno matamu, yaliuza picha, na hayakuwa kweli. Sehemu ya kweli ni kwamba alitoka nje kwa dhati: katika picha yake ya ufukwe wa Trouville ya 1870, iliyoko National Gallery ya London, chembe za mchanga zimenasa ndani ya rangi hadi leo. Lakini mchanga unathibitisha alichora pale. Hauthibitishi kwamba alimalizia pale.

Najua utaniuliza kuhusu *Impression, soleil levant* (yaani “Taswira ya haraka, jua linachomoza”), ile ya bandari ya Le Havre ya 1872 ambayo nadhani ndiyo unayoiiga. Hiyo ni nyembamba na ni ya haraka kweli. Ndiyo maana akaiita “impression”: alieleza baadaye kwamba haikustahili kuitwa mandhari ya Le Havre. Ilipoonyeshwa Paris mwezi wa Aprili 1874, mwandishi Louis Leroy aliligeuza neno hilo kuwa kejeli kwa kundi zima la wachoraji walioonyesha pamoja naye, na kejeli ikabaki kuwa jina lao: Impressionists. Yaani watu wanachukua picha ambayo mwenyewe aliikiri kuwa ni dokezo, wanaifanya kanuni ya maisha yake yote.

Picha hiyo hiyo ndiyo dawa ya jua lako, lakini. Ifungue kwenye simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Jua linakaribia kupotea! Mng'ao wake unalingana na wa anga lililolizunguka. Kinacholitofautisha ni rangi peke yake, chungwa kali katikati ya bluu ya kijivu. Wewe unaongeza nyeupe, na kila tone la nyeupe linaipausha chungwa. Acha nyeupe, ipoze anga, na chungwa ibaki safi juu ya tabaka lililokauka. Kumbuka pia kwamba kwenu jua linapanda karibu wima, si kwa mshazari mrefu kama Normandie, huko kwenye pwani ya Le Havre, hivyo dakika zako ni chache kuliko zake. Sababu nyingine ya kwenda na kanvasi zaidi ya moja.

Kuhusu nyeusi: mwenzako amepata nusu. Baadaye Monet aliiacha kabisa, na hata katika kituo cha treni cha Saint-Lazare cha 1877, paliposheheni moshi na masizi, giza lake amelijenga kwa kuchanganya rangi kali nyingi. Ila hiyo si amri ya kundi. Renoir, mwenzake katika kundi hilo, mwaka 1874 katika picha *La Loge*, amevika mwanamke gauni la mistari myeusi inayong'aa, na hakuna aliyemfukuza. Ukitupa nyeusi huku brashi yako haijaoshwa, bado utatengeneza tope.

Na macho. Monet alizaliwa 1840. Mtoto wa jicho aligunduliwa 1912. *Soleil levant* ni ya 1872. Piga hesabu: miaka 40. Ugonjwa ulipomkaba kweli, picha zake hazikupata huo ukungu mnaousifu. Ziligeuka nyekundu na kahawia nzito, kama zile za daraja la Kijapani la bustanini kwake, na yeye akahangaika, akaharibu baadhi, mpaka akakubali kupasuliwa jicho la kulia Januari 1923. Kufinya macho kidogo ili uone mafungu ya mwanga na giza ni zoezi zuri, na wenye macho mazima wanalifanya. Miwani vaa.

Sasa huyo muuzaji. Mwaka 1905 Monet alitaja rangi zake kwa barua: nyeupe ya risasi, njano ya kadimiamu, vamilioni (nyekundu kali), nyekundu nzito ya mmea wa madda, bluu ya kobalti, na kijani ambayo kwa Kifaransa huitwa *vert émeraude*. Nyeupe hiyo ni madini ya risasi. Vamilioni ni zebaki na salfa. Kijani hiyo ni ya kromiamu, haina ubaya mkubwa, lakini jina lake likitafsiriwa neno kwa neno kwa Kiingereza linaangukia kijani nyingine kabisa, ya shaba na aseniki, iliyowahi kutumika kuulia panya na wadudu. Anayekuuzia unga wa “rangi halisi za Monet” ama anauza sumu, ama anauza chokaa iliyotiwa rangi. Sijui lipi ni afadhali. Unga wa risasi ukipeperuka chumbani wanamolala watoto haufutiki kwa ufagio. Rangi ya tyubu yenye nyeupe ya titani inakutosha, na hakuna atakayeiona tofauti kwenye bahari yako.

Chupa za “siri” nazo, nyingi nilizoletewa zilikuwa dawa ya kukaushia, ya aina inayopatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa bei ndogo. Rangi ya mafuta haikauki kama kanga kwenye kamba. Mafuta hushika oksijeni ya hewani na kugeuka utando, pole pole, kuanzia juu. Ukiisukuma kwa dawa nyingi, juu panakaza huku chini pangali laini, na baada ya muda picha inapasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Mwanafunzi wangu mmoja aliuza picha sita za namna hiyo. Nne zimerudi.

Wapo pia wanaochapisha picha ya Monet kwa mashine, wakapaka jeli angavu juu yake kwa brashi, wakaiuza kama ya mkono. Angalia kwa lenzi: matuta ya jeli hayafuati mipaka ya rangi, na chini utaona vitone vya wino. Kozi za “Monet kwa saa moja” ni ndugu wa biashara hiyo.

Hela ya chupa nunua kanvasi ndogo tatu. Zipake msingi mweupe, uzipeleke zote ufukweni: moja ya kabla jua halijatoka, ya pili ya jua likiachana na maji, ya tatu ya robo saa baadaye. Kila moja dakika kumi, basi, urudi nyumbani. Usiziguse mpaka kucha isiache alama kwenye rangi. Pakiwa nene inaweza kuwa wiki au zaidi. Rudi tena saa zile zile. Baada ya mara ya nne nitumie picha zake, za rangi na za nyeusi na nyeupe, tuone jua limekaaje.