Mwenye mikia na asiye na mikia: ni dume na jike

Je, vipepeo wawili wasiofanana wanaoonekana katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, mmoja mwenye mikia na mwingine asiye nayo, ni spishi mbili? Hapana, si spishi mbili. Wa manjano hafifu mwenye mikia kwenye mabawa ya nyuma ni dume la Papilio dardanus. Mweusi mwenye mabaka meupe, asiye na mkia, ni jike lake. Jike huyo anamwiga Amauris niavius, kipepeo mwenye ladha mbaya ambaye ndege hujifunza kumwacha. Waliofuga mayai ya jike mmoja wamepata watoto wa sura zote mbili, na hilo linamaliza ubishi.

Spishi hii ina nususpishi kadhaa, yaani aina za kimaeneo ndani ya spishi moja. Ya pwani ya Kenya na mashariki ya Tanzania ni tibullus. Nyanda za juu za Kenya ni polytrophus, na huko ndiko majike wanakochanganya kweli: wengi hawafanani sawasawa na kipepeo yeyote, kwani vipepeo wa kuigwa ni wachache. Afrika Kusini kuna cenea. Ila mfano mzuri kuliko yote kwa swali hili ni meriones wa Madagaska. Jike wake ana mikia na rangi ya manjano kama dume, haigi yeyote.

Tahadhari moja: humbloti wa Ngazidja, kisiwa cha Komoro, baadhi ya wataalamu wanamhesabu spishi kamili, kwa hiyo orodha za nususpishi hazitalingana kila mahali.

Ukitaka kumwona jike kwa karibu, angalia mimea ya jamii ya mlimau ukingoni mwa msitu. Hutaga mayai yake huko, maana viwavi wake hula majani hayo.