Bonane (Mwaka Mupya) inakaribia, imbwa tuiweke wapi?

Swali: Jambo Docta. Niko na imbwa dume hapa Katuba, Lubumbashi, Bonane ilipita batoto ba majirani balipiga petari (fataki) usiku muzima, ikatoka mbio ku mulango ya parseli, tukaiona kisha siku mbili huko komini ya Kenya, mguu imeumia. Mwaka huu bwana anasema tuifunge na munyororo ku muembe, mama mukwe anasema tuipe pombe kidogo ilale. Nani njo iko na haki?
*Mama wa Katuba*

Jibu: Mama, kwa heshima yote ya bwana na ya mama mukwe, hapo hakuna mwenye iko na haki. Imbwa yenye imefungwa kwa munyororo ikishtuka inaruka, inazunguka muti, munyororo unakaza shingo, na kama ukuta iko karibu inaruka ukuta na kubaki inaning'inia upande ya pili. Nayo pombe haitulize kitu, inashusha sukari ya mu damu na joto ya mwili, imbwa inatapika, inayumba, inaweza hata kufa, na bado petari inazisikia zote. Sisi bantu tunasikia sauti mpaka hertz 20,000 hivi, imbwa inafika karibu 45,000.

Fanya hivi: asubuhi ya tarehe 31 itembeze mpaka ichoke, ipe bukari yake mapema, mbele ya jua kuzama ingiza ndani, chumba yenye iko katikati ya nyumba kama iko, madirisha na pazia funga, radio iimbe. Ikijificha chini ya kitanda uiache, ikikufuata uishike tu, ile maneno ya kusema ukiibembeleza unaizoesha woga si kweli. Na mulango ya parseli mupe mutu mumoja wa kuuchunga, juu wageni banaingia banatoka, hakuna anayefunga, njo vile imbwa nyingi zinapotea, petari inashtua tu. Namba yako ya telefone uiandike ku mukaba ya shingo. Na juu Novemba mvua na radi zimeshaanza huku kwetu, angalia sasa vile inafanya ikisikia radi, utajua mapema kama unahitaji dawa ya veterineri. Dawa ya bantu hapana, parasetamoli kwa paka inaua.

Kitu ingine, mifupa ya kuku ya kupikwa. Wageni banarusha chini ya meza banaona ni huruma, kumbe ukipika mufupa unakauka, unavunjika vipande vya ncha, vinatoboa tumbo. Chokoleti na vitunguu pia hapana.

Batoto ba wageni nao basiisumbue ikiwa na woga, imbwa mupole kabisa inaweza kuuma. Ikiuma: maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku ile ile juu ya kichaa cha imbwa, hata kama karnet (kitabu) ya chanjo ya imbwa iko.

Swali: Paka yangu inatafuna zile kamba za kung'aa za muti ya Noeli, iko hatari?
*Kijana wa Ruashi*

Jibu: Sana. Kamba ikimezwa inakunja matumbo na kuyakata. Ukiona uzi unatoka nyuma usiuvute hata kidogo, peleka kwa veterineri, na namba yake uitafute wiki hii, tarehe 1 asubuhi unajua mwenyewe nani atakujibu telefone.