Betri ya lithiamu kugoma kuchaji kambini asubuhi ya baridi

Mwenzetu aliyehamia nchi ya baridi anapiga kambi milimani na betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 12.8, 20Ah, na paneli ya wati 50. Usiku taa zinawaka vizuri, lakini asubuhi jua likiwaka chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli kuingia kwenye betri) inasoma ampea sifuri, na anataka kubadilisha kontrola hiyo. Ndugu, usinunue kitu kwanza. Ukizoea sola ya nchi ya joto, hili halikujii akilini kabisa.

Betri hiyo inaweza kutoa umeme hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ila ujazo unapungua. Kuichaji ni jambo lingine: chini ya nyuzi 0 haitakiwi kabisa. Wakati wa kuchaji, lithiamu hupenya ndani ya grafaiti, ile kaboni ya upande hasi wa seli. Kukiwa na baridi kali inachelewa kupenya, inaganda juu yake kama utando wa chuma. Ujazo uliopotea hivyo haurudi, na utando ukiota sindano unaweza kupiga shoti ndani ya seli. Ndiyo maana BMS nzuri, yaani saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ina sensa ya joto na inafunga njia ya kuchaji. Za bei rahisi hazina. Zinapokea tu, na betri inakufa taratibu bila wewe kujua. Hiyo sifuri yako inakulindia betri.

Hakikisha kwa mita. Weka ncha kwenye terminali za betri, kisha unganisha paneli. Volti zikiruka ghafla mpaka 14.4 wakati taa zimekesha zikiwaka, njia imefungwa: kontrola inasukuma, hakuna kinachoingia, nayo inadhani betri imejaa. Chomoa paneli, washa taa, volti zinarudi 13 hivi au chini kidogo.

Dawa ni kulala na betri ndani ya mfuko wa kulalia, terminali zikiwa zimefunikwa. Mchana iweke juu ya godoro la sponji, isiguse ardhi. Ikishapoa usiiamini ngozi yake: kasha linaweza kuwa vuguvugu juani huku seli za ndani bado ni barafu, na kupata joto kunachukua saa kadhaa. Usiisogeze kwenye moto wala jiko. Kati ya nyuzi 0 na 10 mimi nisingezidisha ampea 2 kwa betri ya ukubwa huo.

Paneli nayo hubadilika. Volti zake zikiwa hazina mzigo hupanda takriban asilimia 0.3 kwa kila nyuzi inayoshuka. Paneli ya volti 22 kwenye nyuzi 25 itafika 24.6 kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Ukiunga mbili kwa mfululizo unapata 49, na kontrola yenye kikomo cha volti 50 iko ukingoni. Hapo ziunge sambamba.

Anza kuunga betri, paneli ifuate. Ukifungua, paneli itangulie. Betri ikichomoka paneli ikiwa juani, volti za paneli zinaweza kuingia kwenye taa. Fyuzi ya ampea 10 ikae karibu kabisa na terminali chanya. Waya wa 1.5 mm² unatosha kwa mita 5: kwa ampea 3 unapoteza kama volti 0.36. Ila chagua wenye ganda la silikoni, maana la PVC hukakamaa kwenye baridi na hupasuka pale unapoukunja kila asubuhi.