Farasi wakishashinda, waende wapi?

Vijana ninaocheza nao vita vya mezani, yaani mchezo wa kuigiza vita vya kale kwa vikosi vidogo na dadu juu ya meza, hapa Tabora huanza karibu wote na sheria moja: vikosi viwili vya farasi vikikutana, kila mtu arushe dadu, mwenye namba ndogo aondoe kikosi chake. Inamaliza ubishi haraka, lakini inafuta kile kilichowafanya farasi wa kale wawe silaha ya hatari hata kwa jemadari wao.

Nawaelewa. Huku kwenye mbung'o farasi hawakuzoeleka, kwa hiyo mtu huwawazia kama bodaboda mbili zinazogongana uso kwa uso. Farasi hapendi kujibamiza. Mara nyingi upande mmoja ulikata tamaa na kugeuka, na mauaji makubwa yakaja wakati wa kukimbizana.

Kwa hiyo usianze kwa kuhesabu maiti. Amua kwanza nani amevunjika moyo, kisha uamue mshindi anafanya nini. Hilo la pili ndilo lenye uzito. Katika vita vya Ipsus, mwaka 301 KK, jemadari Demetrius aliwatimua farasi waliokuwa mbele yake, akawafukuza mbali mno. Tembo wa adui yake Seleucus wakamzibia njia ya kurudi, na baba yake Antigonus akauawa. Mwaka 216 KK, katika vita vya Cannae, Hasdrubal, kiongozi wa farasi wa Carthage, aliwavunja farasi wa Roma, akavuka hadi ubavu wa pili, akawaachia Wanumidia, wapanda farasi wepesi wa upande wake, kazi ya kufukuza, kisha akawageukia askari wa miguu kwa nyuma. Wote wawili walishinda pambano la farasi. Sheria isiyoweza kuwatofautisha haifai.

Sisi tunafanya hivi. Kila upande dadu moja. Ongeza 1 kwa aliyeshambulia adui aliyesimama tuli, 2 kwa aliyepiga ubavuni. Toa 1 kwa kikosi kilichovurugika, yaani kilichopoteza mpangilio. Sare, wote warudi nyuma wakiwa wamevurugika. Tofauti ya 1 au 2, aliyeshindwa arudi nyuma na avurugike. 3 au zaidi, atimue mbio. Hapo mshindi arushe dadu kujizuia asifukuze: wenye mafunzo wapate 3 kwenda juu, wengine 5. Akishindwa kujizuia, anafukuza, hata nje ya meza, na kurudi ni kwa 6 tu. Akijizuia, bado amevurugika zamu nzima, maana farasi wamechoka. Ndiyo sababu nasisitiza kikosi cha akiba nyuma ya kila ubavu. Bila hicho, kikosi dhaifu cha adui chenye farasi wasiochoka kitakuvunja.

Wengi huomba nyongeza jemadari akiwa na kikosi kinachojizuia. Nakataa kabisa. Demetrius aliongoza mwenyewe. Mfalme Antiochus III naye, katika vita vya Raphia mwaka 217 KK, aliushinda ubavu uliomkabili, akaendelea kufukuza huku askari wake wa miguu wakivunjwa katikati. Mpe jemadari nyongeza ya kushambulia. Kwenye kujizuia arushe dadu kama wengine.